Kamera ya Klabu: Tutazame Lenzi Kwanza



Nimeombwa niseme machache juu ya kamera itakayonunuliwa kwa mchango wetu wa leo kwa ajili ya Klabu ya Picha. Mimi ni mtumishi wa serikali, si mpiga picha wa kazi. Lakini jioni nyingi nimezimaliza nikipiga picha za ngoma na michezo ya kuigiza.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Usiku bwalo letu lina mwanga hafifu, na wachezaji hawatulii. Kamera iliyokosa mwanga hubaki wazi muda mrefu ili iukusanye. Ikibaki wazi sehemu moja ya 30 ya sekunde, mkono wa mpiga ngoma hugeuka ukungu. Kuusimamisha mkono huo kwahitaji sehemu moja ya 250, au muda mfupi zaidi.

Basi fedha ziende wapi? Nasema ziende kwenye lenzi. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera, ikivutwa mpaka mwisho, kwa kawaida hufunguka hadi f/5.6 tu. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 ni miongoni mwa zile za bei nafuu. Ukiiweka kwenye f/2 hupitisha mwanga karibu mara 8 zaidi. Hiyo ndiyo tofauti ya 30 na 250. Lakini haivuti vitu karibu. Mpigaji itambidi akae safu za mbele, tena alenge macho ya mchezaji kwa makini.

Pili, msibabaishwe madukani. Mwanga wa flashi hufifia upesi kwa umbali, na huwasumbua wachezaji. Kifaa cha kuzuia mtikisiko hutuliza mkono wa mpigaji, hakimtulizi mchezaji. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tatu, kamera yenyewe yaweza kuwa iliyokwisha tumika, mradi ISO 3200 isiiharibu picha kwa chembechembe. Kabla ya kulipa, mpigeni picha mwenzenu akitembea ndani ya chumba chenye mwanga mdogo.

Ndugu zangu, mchango huu haupatikani kila mwaka. Wengi wetu tuliondoka hapa bila picha hata moja ya usiku wa maigizo. Wadogo zetu, ninyi msiondoke hivyo.