Tumehesabu Nauli, Hatujahesabu Watu



Kila panapozungumzwa nauli huzuka hoja ileile: tiketi ya karatasi ni mlango wa wizi, na kadi ya kielektroniki ndiyo kufuli. Leo nina ugomvi na hoja hiyo.

Haikosi ukweli. Katika kivuko kimoja cha Ziwa Victoria, nisichokitaja, niliona tiketi yangu ikipokelewa mlangoni bila kuchanwa, kisha ikarudi dirishani kuuzwa upya. Kadi ingezuia hilo. Lakini anayeishia hapo anafikiri kama mtunza hazina. Tazameni mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza Mei 2016. Kadi zikaja, zikatoweka, abiria wakarudi kwenye foleni za karatasi. Kivuko cha Kigamboni, jijini humo humo, nacho kikaletewa kadi iitwayo N-Card. Kote huko tuliulizana zimeingia shilingi ngapi. Wameingia watu wangapi, nani aliuliza?

Kwetu swali hilo lina makaburi. Hati ninayoirudia kuliko zote ni orodha ya abiria wa meli ya MV Bukoba, iliyozama 21 Mei 1996 ikija hapa Mwanza kutoka Bukoba. Isomeni taratibu. Ina watu 443 wa daraja la kwanza na la pili, ilhali uwezo wa meli ulikuwa abiria 430. Yaani meli ilishapita kiasi kabla hatujaligusa daraja la tatu. Na daraja la tatu? Halikuwa na orodha. Aliyelipa kidogo hakuandikwa. Ndiyo maana hadi leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa makadirio, kati ya 800 na 1,000.

Mtetezi wa kadi atasema hayo ni ya zama za karatasi. Sivyo. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, 20 Septemba 2018, tiketi zilikatwa kwa mashine. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa ni 228. Ilielezwa wakati ule kuwa mkata tiketi alifariki na mashine yenye kumbukumbu ikapotea majini. Teknolojia ilikuwepo, hesabu ndiyo iliyosafiri pamoja na abiria.

Nakubali kwamba kadi huharakisha malipo na yaweza kutunza kumbukumbu nchi kavu. Lakini kadi moja yaweza kulipia familia nzima, na mtandao ukikatika watu watapita tu. Kwa hiyo bado naamini katika karatasi yenye namba mfululizo: kichwa kimoja, tiketi moja, hata ya mtoto wa mgongoni asiyelipa, na kipande chake kibaki kwa karani ufukweni.

Wekeni kadi mkitaka, ila chombo chochote kisifunguliwe kamba kabla idadi ya waliomo haijaandikwa na kuachwa nchi kavu.