Nyumba Inayojimiliki Nayo Yataka Wasimamizi



Watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich, Uswisi, walijenga kijumba cha majaribio kiitwacho no1s1. Aliyetaka kukaa humo peke yake atulize akili alilipa kwa sarafu ya kidijitali, mlango ukafunguka. Umeme ulikuwa wa sola, na mapato yaliingia kwenye akaunti ya kijumba chenyewe. Karani hakuwapo. Kanuni ziliandikwa kwenye blokicheni, yaani daftari linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, ambalo mtu mmoja hawezi kulifuta kwa siri. Wapo wanaotumaini kwamba masoko na kumbi zitakuja kujiendesha hivyo. Hoja yangu ni kwamba programu yaweza kutekeleza uamuzi, lakini dhamana ya uamuzi huo itabaki mabegani mwa watu.

Mwaka 2016, kwa mfano, mfuko ulioitwa The DAO ulikusanya zaidi ya dola milioni 150 kwenye mtandao wa blokicheni wa Ethereum, bila mkurugenzi: wenye tokeni, yaani vipande vya kidijitali vya umiliki wa mfuko, wangepiga kura, programu ingelipa. Juni mwaka huohuo mtu alipenya kwenye kasoro ya programu, akachota takriban etha milioni 3.6, sarafu ya mtandao huo. Programu haikuona mwizi; ilitii maandishi yake. Mwezi uliofuata ni watu waliobishana, kisha wengi wao wakakubali kubadili daftari ili fedha zirudi. Waliokataa walijitenga na kubaki na daftari lisilobadilishwa, liitwalo Ethereum Classic. Ikiwa fedha tupu zilihitaji baraza, sembuse ukumbi wenye paa linalovuja na majirani wanaolalamikia kelele?

Mtaniambia kwamba kamati zetu nazo hula michango, na dawa yake ni daftari lisilofutika. Nakubali nusu. Daftari hilo huzuia kumbukumbu kuchezewa. Halizuii uongo kuingia tangu mwanzo. Fundi akiandika kuwa amekarabati choo ambacho hakukigusa, uongo huo utatunzwa milele. Tena kura zikihesabiwa kwa tokeni, mwenye fedha ndiye mwenye sauti, na anayefagia ukumbi kila asubuhi hana kura.

Basi, wahitimu, mkipewa kazi ya kuandika programu za namna hii, msiikabidhi kabla ya kuonyesha nani anaweza kuisimamisha, malalamiko yapelekwe wapi, na asiye na tokeni atasikilizwaje. Majibu hayo hayamo kwenye kompyuta. Kaeni kwanza na watakaoishi chini ya kanuni zenu.