Kigari cha Bati: Kipimo Ndicho Kinacholeta Bei

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Nakuru, Gilgil na Naivasha

Sisi ni watu wa bati na waya, na tumeombwa tuwaeleze namna ya kutengeneza mfano mdogo wa gari la zamani, na jinsi kazi hiyo inavyoweza kukiletea kikundi riziki.

Tunajua wengine mmecheka moyoni. "Hiyo si kazi ya watoto?" Ni kweli. Watoto wa Njoro, Molo, Subukia na Elburgon wamekunja waya miaka mingi, wakafunga usukani mrefu wa mti, wakakimbia na gari lao huku wakinguruma kwa mdomo. Mikono hiyo tunayo tayari vijijini. Kinachokosekana ni kitu kimoja tu, nacho ni kipimo. Kigari kisicho na kipimo ni kichezeo, na hununuliwa kwa huruma. Kigari chenye kipimo ni kazi ya fundi, na hununuliwa kwa bei yake.

Kwa nini Peugeot 404?

Mnaweza kutengeneza gari lolote. Sisi tunashauri muanze na Peugeot 404, ile ambayo wazee wetu huiita Pijo. Ilianza kuuzwa mwaka wa 1960, na umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Mistari yake imenyooka, kwa hiyo bati linaikubali bila vita. Nyuma ina mapezi mawili madogo kama ya samaki. Mtu akiyaona mapezi hayo, analitambua gari kabla hujalitaja jina.

Tena, gari hili lina historia kwetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka wa 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka wa 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka wa 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Mvua na matope viliyala mengine yote. Miaka hiyo miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff, ndani ya 404. Ile ya 1966 na 1967 iliendeshwa na Bert Shankland na Chris Rothwell, kutoka Tanzania.

Mbali na mashindano, wengi wenu mliwahi kubanana ndani ya Peugeot za abiria, 404 na baadaye 504, mkienda Nairobi au Eldoret. Kwa hiyo mnunuzi hanunui bati. Ananunua gari la baba yake, au safari ya kwanza aliyosafiri akiwa mtoto. Mtu wa namna hiyo utamdanganya vipi? Macho yake yanajua lile gari lilivyokaa.

Kupima

Haya, tuingie kazini. Tafuteni 404 yenyewe. Nyuma ya gereji za zamani bado kuna chache zimelala kwenye majani. Ombeni ruhusa kwa mwenyewe, muende na futi ya fundi na daftari. Mkikosa gari, tafuteni picha safi iliyopigwa kutoka ubavuni.

404 ya kawaida ina urefu wa karibu sentimita 444, upana sentimita 161, na kimo sentimita 145. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma ni sentimita 265. Sisi tunatumia skeli ya moja kwa ishirini, yaani kila sentimita 20 za gari zinakuwa sentimita 1 ya kigari. Hesabu yake haihitaji mashine. Gawanya kwa kumi, kisha ukate nusu. 444 inakuwa 44.4, nusu yake ni 22.2. Basi kigari chako kina urefu wa sentimita 22.2, upana 8, kimo 7.25, na kati ya magurudumu 13.25.

Hesabu hiyohiyo ifuateni kwa kila kitu: mlango, kioo, taa, hata kishikio cha mlango. Kishikio chenye unene wa sentimita 2 kinakuwa milimita 1, yaani waya mwembamba tu. Hapa ndipo wengi huharibu. Wanaweka magurudumu makubwa mno, paa wanalipandisha, na vishikio vinakuwa kama mipini ya jembe. Kumbukeni haya mawili: kimo cha 404 ni kama theluthi moja ya urefu wake, na nafasi ya kati ya magurudumu ni kama sehemu tatu kwa tano za urefu huo. Kigari kikipotoka hapo, hakuna rangi itakayokiokoa.

Kukata na kuunga

Msikate bati kwanza. Kateni boksi la karatasi ngumu, mlikunje, mlishike kwa gundi, mlitazame kutoka mbali. Likikaa kama 404, lifungueni, na vile vipande ndivyo patani yenu. Viandikeni majina na kuvihifadhi bapa ndani ya kitabu, kwa sababu kila kigari kitakachofuata kitatoka hapo.

Mifupa ya kigari ni waya wa ua. Ngozi yake ni bati jembamba la makopo ya rangi au madebe ya mafuta. Kila kipande kiachieni ukingo wa milimita 3 wa kukunjia ndani. Ukingo huo unaficha makali, unatia nguvu, na unakupa mahali pa kulehemu. Sugueni pale pa kuunga kwa msasa mpaka pang'ae, maana risasi ya kulehemu haishiki kwenye kutu wala kwenye rangi.

Magurudumu je? Kizibo cha chupa ya soda kina upana wa karibu sentimita 3. Gurudumu la 404 kwa skeli yetu ni kidogo tu zaidi ya hapo. Ungeni vizibo viwili, mzungushe ukanda wa tyubu ya baiskeli, na tairi limepatikana.

Mambo madogo ndiyo makubwa

Kazi ya bati ikiisha, ndipo kigari kinapoanza kuwa 404. Taa ya mbele ni duara moja kila upande. Chukueni pakiti ya vidonge iliyokwisha. Lile tundu la plastiki lenye duara, likikatwa na kuwekewa karatasi yake ya kung'aa nyuma, ni taa kamili. Vioo ni plastiki angavu ya chupa ya maji. Wavu wa mbele ni nyuzi za waya wa umeme zilizolazwa moja juu ya nyingine. Bampa ni ukanda wa bati uliosuguliwa mpaka ukawa kama fedha.

Rangi ipakeni nyepesi mara tatu, mkiacha ikauke kila mara. Ukipaka nzito mara moja, mistari ya milango inazibwa na gari linakuwa kama sabuni.

Mkitengeneza gari la mashindano, wekeni namba mlangoni, taa za ziada mbele na ngozi za tyubu nyuma ya magurudumu. Kisha chekecheni vumbi la barabara ya Elmenteita kwa kitambaa, pua zenu zikiwa zimefunikwa, na mlishikishe kwa gundi ya mbao iliyotiwa maji mengi. Lianzie chini ya milango na nyuma ya magurudumu, lipungue likipanda juu. Kwenye kioo cha mbele acheni pale waipa zilipofuta. Vumbi letu lina rangi yake, na mtu aliyesimama kando ya barabara hiyo atalijua.

Tahadhari

Risasi ya kulehemu mara nyingi ina sumu. Lehemuni nje, mahali penye upepo, mbali na watoto na akina mama wajawazito. Jiko la kupashia chuma cha kulehemu lisiwe lile la kupikia ugali. Nawaneni mikono kwa sabuni kabla ya kula. Msichome mabati ya kuezekea wala makopo ya kupuliza dawa: ya kwanza hutoa moshi mbaya, ya pili hulipuka. Aliyekatwa na bati lenye kutu aende zahanati akachomwe sindano ya pepopunda.

Kugawana kazi

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mmoja apime na kukata, mwingine akunje, mwingine alehemu, mwingine apake rangi. Wenye macho makali na mikono myepesi wafanye taa na vioo. Wazee wanaozijua gari hizo wawe wakaguzi. Kikundi kinaweza kugawana namna hii kwa sababu kipimo ni kimoja. Mlango uliokatwa Bahati lazima uingie kwenye mwili uliokunjwa Rongai. Bila kipimo, kila mtu ana gari lake kichwani.

Bei

Sasa tufike pale panapouma. Mfano tu, kila kikundi kiweke namba zake. Tuseme kigari kimoja kimekula saa 32, yaani siku nne. Kibarua kwenu ni shilingi 500 kwa siku, basi kazi ni 2,000. Vifaa 350. Kuchakaa kwa zana 150. Nauli 200. Jumla ni 2,700. Ongezeni sehemu ya kumi kwa mfuko wa kikundi, 270. Bei ni 2,970.

Halafu anakuja mchuuzi wa barabarani anasema, "Nawapa elfu moja, pesa taslimu." Hebu hesabuni. Toa vifaa, zana na nauli, 700. Zinabaki 300 kwa siku nne. Fundi wenu amefanya kazi kwa shilingi 75 kwa siku! Na akishafanya hivyo mara tatu, atauza mkasi wake aende mjini kutafuta kibarua. Hivyo ndivyo ujuzi unavyohama kijijini. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni saa za kila mtu, tangu kigari cha kwanza.

Soko

Mashindano ya Safari yalirudi katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, makao yake yakiwa Naivasha, na magari yamepita Elmenteita na Soysambu. Wageni wanakuja mpaka mlangoni petu. Lakini mashindano ni ya siku chache. Mnunuzi wa mwaka mzima ni Mkenya mwenzetu anayetaka gari la marehemu baba yake, lenye rangi ileile na namba ileile. Pokeeni oda kama hizo kwa malipo ya nusu kwanza. Msibandike nembo za mashindano au za kampuni bila ruhusa. Chini ya kigari andikeni jina la kikundi, mwaka, na skeli. Hiyo ndiyo sahihi yenu.

Ndugu zetu, hatukuja kuwaahidi utajiri. Tumekuja kusema kwamba yule kijana anayekunja waya nyuma ya nyumba si mvivu. Mpeni futi, daftari na bei ya haki.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni nani kati yetu, kijana au mzee, anayejua kukunja waya au kulehemu?
2. Ni gari gani la zamani linalokumbukwa zaidi hapa kwetu, na tunaweza kulipima wapi?
3. Siku moja ya kazi ya mwenzetu tunaithamini kwa shilingi ngapi? Je, bei tunazouzia vitu vyetu sasa zinalipa siku hiyo?
4. Nani atashika daftari la saa za kazi?