Sorry: Pole au Samahani?

Msikilizaji, neno la Kiingereza "sorry" limezoeleka midomoni mwetu, lakini limebeba maana mbili. Asili yake ni neno la Kiingereza cha kale lililohusu maumivu, na leo Mwingereza hulitumia kuomba radhi na pia kumfariji mfiwa. Kiswahili kimezitenganisha kazi hizo. Mtu akijikwaa mbele yako, unamwambia "pole", ingawa hukumsukuma. Ukimkanyaga mtu mguu kwenye daladala, "pole" peke yake haitoshi; sema "samahani", kwa kuwa kosa ni lako.

Wapo watakaosema lugha hukua kwa kukopa, na hata "samahani" ina asili ya Kiarabu. Ni kweli, na kukopa si dhambi. Lakini mkopo mzuri huziba pengo, na hapa pengo halipo. Anayesema "sori" baada ya kumuumiza mwenzake anaweza kumwonea huruma tu bila kukubali kwamba amekosa, na aliyekosewa anastahili kusikia kosa likikiriwa. Basi tuwafundishe watoto wetu: pole kwa aliyeumia, samahani kwa uliyemkosea, na ukimuumiza mtu, mpe yote mawili.