Muuguzi Akihamia Mezani

Akina mama na wazee wa vikundi, mmeniuliza mbona muuguzi aliyezoea kufunga vidonda wodini sasa anaketi na mafaili na simu. Ati amechoka na wagonjwa! La. Mgonjwa wa TB mara nyingi halazwi kabisa, na dawa ni miezi 6. Mwezi wa pili akipata nafuu anaziacha. Ugonjwa huweza kurudi usisikie dawa tena. Wodini huyo haonekani. Kwenye faili anaonekana, tarehe yake imepita. Muuguzi atampigia. Simu ikiwa imezimwa, nani atapiga hodi? Basi kila kikundi kichague wawili wanaojua kufunga mdomo, ambao mgonjwa mwenyewe atawakubali, na nambari zao zipelekwe kwa muuguzi.