Daftari la Kanisa na Majina ya Watu wa Eyam



Nimepewa kazi ya kunena habari za madaftari ya kanisa, yaani vile vitabu vya ubatizo, arusi na maziko. Najua wako walimu wasemao moyoni, "Wino na mistari, ina nini habari hii siku ya Jubilii?" Nami nalikuwa mmoja wao. Lakini mwaka jana alinijia mama mjane, akitafuta siku ya arusi yake, kwa kuwa jamaa za marehemu mumewe walikana kwamba aliolewa kwa halali, nao wakataka kumtoa shambani. Nikalifungua daftari, na tazama, mchwa walikuwa wamekula kurasa zile hata hapakusalia herufi. Daftari lilikuwa mikononi mwangu. Mimi ndiye niliyeliweka sakafuni. Yule mama hakuninenea neno baya. Alijitanda kanga yake akaenda zake.

Tangu siku ile nalitaka kujua desturi hii ilianzaje, nikafuata habari zake hata Uingereza, maana ndiko ilikotoka kuja kwetu.

Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, alitoa amri kwamba kila padre wa mtaa awe na kitabu, na kila Jumapili, mbele ya wazee wa kanisa, aandike humo wote waliobatizwa, walioolewa na waliozikwa juma lile. Tena mtaa ununue sanduku imara lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa padre na wa pili kwa wazee, ili mtu asilifungue peke yake. Aliyeacha kuandika alitozwa shilingi 3 na peni 4, na fedha hizo zikatengeneza kanisa. Watu wa mashamba hawakufurahi. Walidhani ni hila ya kuwahesabu wapate kutozwa kodi! Hofu hiyo haikuwa upuzi mtupu, kwa maana mwaka 1783 serikali iliweka kodi ya peni 3 kwa kila jina liandikwalo. Maskini hawakutozwa, na kwa hiyo ghafula mitaani wakaonekana maskini wengi kuliko zamani. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 1794.

Madaftari ya kwanza yalikuwa ya karatasi, nayo yalioza. Siku za Malkia Elizabeth, mwaka 1598, iliamriwa yaandikwe upya juu ya ngozi. Lakini amri ilisema hasa tangu mwaka wa kwanza wa malkia, ndio 1558. Basi mapadre wengi, kwa kupenda kazi nyepesi, walianzia hapo, na majina ya miaka 20 yakapotea katika mitaa mingi. Pamoja na hayo iliamriwa kila mwaka nakala ipelekwe kwa Askofu. Neno hili la nakala nitalirudia.

Mwalimu atakayesoma madaftari yale asisahau kwamba hata mwaka 1752 mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi. Mtoto aliyebatizwa Februari 1700 kwa hesabu yetu, kwa hesabu yao aliandikwa 1699.

Sasa twende Eyam. Ni kijiji cha milimani, katika nchi ya Derbyshire. Mwishoni mwa Agosti 1665 nguo zilifika kutoka London, mji uliokuwa na tauni, zikaingia nyumbani mwa mshoni. Husimuliwa kwamba zilikuwa na unyevu, zikatandazwa karibu na moto, na viroboto wakatoka. George Viccars, aliyefanya kazi katika nyumba ile, alizikwa tarehe 7 Septemba, naye ni wa kwanza. Mwaka uliofuata padre wa mtaa, William Mompesson, alipatana na Thomas Stanley aliyemtangulia katika kazi, na watu wakakubali shauri lao: asitoke mtu nje ya mipaka. Sala zilifanywa bondeni, kila jamaa wakisimama mbali na wengine. Chakula kiliwekwa mpakani, na fedha zikaachwa ndani ya siki. Na kila nyumba ilizika wafu wake yenyewe, bustanini au shambani.

Hapo ndipo nalikaa kimya kitambo. Elizabeth Hancock, mwezi wa Agosti 1666, alizika mumewe na watoto sita katika siku nane. Mke wa padre, Catherine, alizikwa tarehe 25 ya mwezi uo huo, na kaburi lake liko kiwanjani mwa kanisa. Wengi wa wengine hawakupata jeneza wala kengele wala kiwanja cha kanisa. Walipata mstari mmoja wa wino. Hesabu yao hutajwa kuwa 260 hivi, na mkono ulioandika haukuacha hata walipokufa watu kila siku.

Hata wataalamu wa magonjwa wamefaidiwa. Mwaka 2016 wachunguzi wawili walizitazama tarehe zile, nyumba kwa nyumba, wakaona ya kuwa kama robo tatu ya maambukizo yalitoka kwa mtu kwenda kwa mtu, si kwa panya. Aliyeandika majina yale hakujua lolote la hesabu hiyo.

Tangu sheria ya mwaka 1978, madaftari ya kale ya Uingereza hupelekwa katika nyumba za kumbukumbu za majimbo, na jamaa huenda huko kutafuta babu zao.

Nakala, basi. Bwana Askofu, naomba kwa heshima kwamba tangu mwaka huu kila mtaa ulete nakala ya daftari lake kwako, mwezi wa Januari. Kwetu sanduku limekwisha kuchongwa, la mninga, lenye miguu mirefu na kufuli mbili. Ufunguo wa pili anao mzee wa kanisa. Na wale mashahidi wawili wa arusi ya yule mama wangali hai. Nimewaendea, mmoja kwa baiskeli na mmoja kwa miguu ng'ambo ya mto, nikaandika ushuhuda wao, nao wakatia sahihi mbele ya padre. Jumatatu ijayo shauri lake litasikiwa.