Kura ya Mtu wa Zamu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Tumeombwa tuseme habari za kura. Twaanza na mshahara, kwa maana huko ndiko kura yetu ilikoanzia.

Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, wajumbe 8 tu. Wazungu walikuwa wakipiga kura tangu 1920, na wake zao pia. Lakini Mwafrika hakupewa kura kwa kuwa ni mtu mzima. Aliulizwa: Umefika darasa gani? Wapata pauni 120 kwa mwaka, yaani shilingi 200 kila mwezi? Una mali ya pauni 500? Mwenye sifa moja alipata kura moja. Mwenye sifa zaidi akapata ya pili, hata ya tatu. Basi karani na mtu wa gengi, wote wakila vumbi la reli moja, mmoja aliweza kuingia na kura tatu na mwenziwe akabaki nje na sururu yake. Tena Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alitakiwa kwanza aonyeshe cheti cha uaminifu kwa serikali. Tom Mboya, katibu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi, alishinda Nairobi mwaka huo, lakini wengi wa wale aliowasemea hawakuwa na haki ya kumpigia.

Wajumbe hao walikataa vyeo vya uwaziri, wakadai viti zaidi. Mwaka 1961 masharti yakalegezwa: aliyejua kusoma na kuandika lugha yake aliweza kupiga kura, au aliyepita miaka 40, au mwenye pauni 75 kwa mwaka. Mei 1963 ikawa kila mtu wa miaka 21, kura moja. Kumbe wale walioambiwa hawako tayari walihitaji miaka 6 tu! Mwaka 1974 umri ukashushwa hadi 18.

Lakini msidhani gari lilipanda mlima bila kurudi nyuma. Mwaka 1988, katika mchujo wa chama kilichokuwa peke yake, watu walipangwa mlolongo nyuma ya mgombea wao, mchana kweupe. Mgombea aliyezidi asilimia 70 alipita bila kura ya siri. Sisi tulio na wakubwa twajua maana yake: mtu akaaye nyumba ya kazi, msimamizi wake akimtazama amesimama mstari gani! Mlolongo uliondolewa, na mwaka 1992 tukapiga kura ya vyama vingi kwa siri.

Leo hakuna anayetuuliza mshahara. Katiba ya 2010 yatupa haki wote. Hata hivyo, mtu wa zamu bado anaweza kuikosa kura yake, na jambo hili ndilo lililotuleta hapa. Sheria yasema utapiga kura mahali ulipoandikishwa. Ukiandikishwa Voi kisha ukahamishwa Nakuru, huwezi kupiga kura huko Nakuru. Na ukitaka kuhamisha jina, lazima upeleke habari siku 90 kabla ya uchaguzi. Barua ya uhamisho ikija siku ya 80, utafanya nini? Vituo hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni. Gadi anayeondoka alfajiri na kufika usiku hawezi kupanga foleni. Siku hiyo huwa sikukuu kwa wengine, lakini gari la moshi halina sikukuu.

Basi twaomba tawi lipeleke mambo mawili mezani kwa mwajiri. La kwanza, asihamishwe mtu ndani ya siku zile 90 ila kwa hiari yake. La pili, orodha ya zamu za siku ya uchaguzi ibandikwe wiki mbili mbele, na kila zamu ikatwe nusu ili mtu afike kituoni kabla hakijafungwa. Na kila aliyehamishwa tangu uchaguzi uliopita amwandikie katibu jina lake, stesheni aliyotoka na aliko sasa. Karatasi iko pale mlangoni.